Imeili umeisoma, kazi umeiweka wapi?

Wasomaji wetu salaam. Mwezi huu maswali ya imeili kwenye simu yameingia mengi kuliko yote, na nikiyasoma moja baada ya jingine naona maumivu ni yale yale: mtu anaipata imeili, anaifungua akiwa ndani ya matatu pale daraja la Nyali, anaielewa vizuri kabisa, anasema nikifika nyumbani ntaishughulikia, afu basi. Kwenye simu haijapotea, iko pale pale, lakini kichwani imeshatoka na kwenye simu imeshakuwa nyeupe kama zile zote zilizosomwa. Nimechagua sita nizijibu kwa kirefu kidogo. Majina nimeyaacha na barua nimezifupisha.

SWALI: Mimi niko kliaringi, kazi ya kutolea watu mizigo bandarini, hapa Shimanzi mwaka wa tano sasa. Kwa siku naingiza imeili sitini, sabini, laini ya meli yaleta notisi, mteja auliza mzigo uko wapi, bosi naye hufowadi kila kitu bila kuandika neno. Nikiona ya maana naipiga nyota. Sasa nyota zimejaa mpaka hazinisaidii. Wiki mbili nyuma kontena la mteja limepitisha siku za bure bandarini manake imeili ya D.O., ile hati ya laini ya kuruhusu mzigo utoke, niliipiga nyota nikaisahau, storeji ikaanza kuhesabu na mteja asema nilipe mimi. Simu ni Android ya kawaida, natumia Gmail. Nifanyeje? Wako wa Shimanzi.

JIBU: Kakangu, pole sana. Storeji ya bandari ni kitu kinachouma kwa sababu hailali, Jumapili inahesabu, sikukuu inahesabu, wewe uko nyumbani wala mahamri na yenyewe yasonga mbele.

Tatizo ni hiyo nyota. Nyota inasema tu "hii ni muhimu", haikwambii ufanye nini wala lini. Ukishapiga nyota akili yako inatulia, inaona kazi ishafanywa, na hapo ndipo unaposahau. Imeili yenye kazi ndani yake inataka itolewe vitu viwili, tendo na siku, na uvitoe ile mara ya kwanza unapoifungua, usingoje ya pili manake ya pili haiji.

Kwenye Gmail ya simu fungua hiyo imeili, juu kulia kabisa kuna vidoti vitatu, bonyeza hapo utaona orodha, tafuta palipoandikwa "Add to Tasks". Ukibonyeza, simu inatengeneza kazi kwenye Google Tasks, ile apu yao ya orodha za kazi iliyotoka mwaka 2018, kama huna ishushe Play Store ni ya bure. Kazi hiyo inakuja na uzi wa kukurudisha kwenye imeili yenyewe, kwa hivyo huna haja ya kunakili namba ya BL, ile hati ya mzigo wa meli, wala namba ya kontena, siku ikifika unabonyeza unairudia imeili na viambatisho vyake vyote.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea na nataka unisikize vizuri. Jina la kazi linakuja vile vile kama mada ya imeili ilivyokuwa, na mada za imeili za kazini tunazijua, "RE: FW: RE: Docs". Hilo likikutokea Alhamisi asubuhi kwenye skrini utalitazama ulipite. Libadilishe. Futa yote uandike tendo lianze mbele: "Lipia D.O. kontena la vigae, kwa laini, kabla ya adhuhuri." Lipia, piga, tuma, chukua, uliza. Ukikosa tendo la kuandika basi hiyo imeili haikuwa na kazi, ilikuwa habari tu, isome uiweke akivu (Archive, itoke inboksi bila kufutwa) uendelee. Za bosi anazofowadi bila neno nazo ziko hivyo, kama huoni tendo mjibu hapo hapo "wataka nifanye nini na hii?" usiifanye kazi ya kubahatisha.

Kisha siku. Watu huweka siku ya mwisho. Ukiweka siku ya mwisho ya kontena maana yake simu itakulilia siku ile ambayo ukikwama foleni Changamwe umekwisha. Weka siku ya kuanza. Mimi kwa mambo ya bandari ningeweka vitu viwili mbalimbali, siku ya mwisho ya bure naitia kwenye kalenda kama tukio la siku nzima, iwe pale juu naiona kila nikifungua wiki, na kazi yenyewe ya kulipia naitia kwenye Tasks siku mbili kabla, tena na saa, usiache siku tupu bila saa. Vyote viwili vitaonekana kwenye Google Calendar manake Tasks na kalenda za Google zinaongea, hakikisha tu kwenye orodha ya pembeni ya kalenda umeweka tiki palipoandikwa Tasks, la sivyo utaona matukio bila kazi udhani hazikuingia.

Na hili wewe walijua kuniliko mimi: tarehe ya meli kufika si ahadi. Meli inaweza kukaa nje ikingoja gati Kilindini, na kila ikibadilika laini inaleta imeili nyingine. Usitengeneze kazi mpya kila notisi inapokuja, utakuwa na kontena moja lenye kazi nne. Fungua ile ile ya kwanza usogeze tarehe. Ukishamaliza, imeili itoe inboksi, iweke akivu, haifutiki, ukiitafuta utaipata na uzi wa kwenye Tasks bado utakufikisha.

Zile nyota za zamani usijaribu kuzimaliza zote kwa usiku mmoja. Chukua za wiki mbili hizi, zitoe tendo na siku, zilizobaki ziache. Kama kuna moto kule ndani ungeshakuunguza.

SWALI: Dada, mimi na mume wangu tuna nyumba mbili za wageni Bamburi. Wageni wengi watoka Ujerumani na Uingereza, wanaandika imeili wenyewe. Mara mbili dereva amekwenda airport siku siyo. Mara ya kwanza mgeni aliandika 05/06, mara ya pili tulisema "usiku wa Ijumaa" na dereva akaenda Ijumaa usiku mgeni ashaondoka kwa teksi yake tangu alfajiri. Kuna njia simu yenyewe ichukue tarehe kwenye imeili ili sisi tusiguse? Mama wa nyumba za wageni.

JIBU: Dadangu, hii barua yako nimeisoma mara tatu manake ndani yake muna mambo ambayo simu peke yake haiwezi kuyatatua.

Tuanze na 05/06. Mwingereza akiandika hivyo ni tarehe 5 mwezi wa 6, Mmarekani akiandika hivyo hivyo ni tarehe 6 mwezi wa 5. Simu itachagua moja kulingana na ilivyopangwa, haitakuuliza. Kwa hivyo tarehe yoyote ambayo namba zake zote mbili hazizidi 12, usiitie kwenye kalenda kabla hujamjibu mgeni ukamwandikia mwezi kwa neno na siku ya wiki juu yake: "Friday 5 June". Siku ya wiki ndiyo mlinzi wako, tarehe ikikosewa siku ya wiki inakataa kulingana nayo na unaona papo hapo.

Sasa usiku wa Ijumaa. Hapa Mombasa wazee wetu siku waianza magharibi, jua likitua ndio siku mpya imeingia, kwa hivyo usiku wa Ijumaa kwa mama yangu ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, ndio usiku watu wanasoma Yasini. Kijana wa leo ukimwambia usiku wa Ijumaa yeye ajua Ijumaa yenyewe jioni. Na ndege nyingi za wageni zinashuka uwanja wa Moi usiku wa manane. Tuseme imeandikwa 00:40 tarehe 5, Ijumaa. Kwa saa yetu hiyo ni saa sita na dakika arubaini usiku wa kuamkia Ijumaa, maana yake dereva atoke nyumbani ALHAMISI. Wewe ulisema sawa, dereva naye kwa alivyofahamu hakukosea, neno moja lilikuwa na siku mbili ndani yake. Mimi ningewaambia wote nyumbani neno liwe "kuamkia" na lisiachwe hata siku moja.

Kwenye kalenda fanya hivi. Saa ya simu iweke ya masaa 24, ukiona 15:00 hakuna wa kuuliza mchana au usiku, kwetu ni saa tisa alasiri. Tukio la mgeni usiliweke saa ya ndege kutua, liweke saa ya dereva kutoka nyumbani, kwa mfano Alhamisi 23:30, na jina lake liandike kwa Kiswahili kamili: "Dereva atoke, mgeni wa chumba cha juu, ndege yatua 00:40 kuamkia Ijumaa". Kisha kwenye tukio hilo hilo mwalike dereva kwa imeili yake. Akikubali linaingia kwenye kalenda ya simu yake na ukisogeza saa lake linasogea pia, hamna tena kupigiana simu saa nne usiku.

Uliuliza kama simu yaweza kuchukua yenyewe. Kuna mawili. Ukikata tiketi au hoteli KWA JINA LAKO na risiti ikaja kwenye Gmail yako, Google Calendar huweza kuitia safari yenyewe, ipo kwenye mipangilio ya kalenda mahali pa matukio yatokayo Gmail. Lakini mgeni akikuandikia kwa maneno yake "tutafika jioni hivi" usitegemee hilo. Ya pili ni mgeni au kampuni ya safari kukutumia mwaliko, ule ambao una faili inayoishia na .ics. Ukiuona huo furahi. Mpangilio wa faili hiyo uliwekwa 1998 ukafanyiwa marekebisho 2009 na karibu kalenda zote za simu zaielewa, na uzuri wake ni kwamba saa inakuja na eneo lake. Mjerumani akipanga kuongea nawe kwa video saa 14:00 ya kwao simu yako itakuonyesha saa ya hapa. Ukihesabu mwenyewe utakosea, manake kwetu saa haibadiliki mwaka mzima lakini wao husogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ujerumani wakati wa baridi sisi tuko mbele masaa mawili, wakati wa joto lao ni saa moja tu. Uingereza ni matatu na mawili. Wiki ya kwanza baada ya kubadilisha ndiyo inayoharibu miadi.

SWALI: Niko chuo hapa Tudor, nina iPhone ya mkono wa pili. Rafiki zangu wote wa Android wana ile ya vidoti vitatu, mimi kwenye Mail sioni. Lecturer anatuma tarehe za assignment kwa imeili tu.

JIBU: Mdogo wangu, kwako ni rahisi zaidi. Ukifungua imeili kwenye Mail tazama tarehe yenyewe ndani ya maandishi, mara nyingi ina mstari chini yake. Ibonyeze, simu itakupa nafasi ya kutengeneza tukio la kalenda na tarehe ishaingia. Tena kama simu yako iko iOS 16 kwenda juu, ile ya mwaka 2022, kwenye inboksi ivute imeili kuelekea kulia utaona kitufe cha kukukumbusha, unachagua saa na imeili inarudi juu kama mpya saa hiyo. Hii ya pili itumie kwa vitu vidogo, kujibu mtu jioni. Assignment iweke kalenda na uanze siku tano kabla, usiku wa mwisho stima za Tudor waweza kuzijua wewe kuniliko mimi. Na kama unapenda Gmail, ishushe kwenye hiyo iPhone yako na Tasks pia ipo huko.

SWALI: Nina duka la vipuri Mwembe Tayari na wafanyakazi wanne. Mhasibu wangu ananitumia imeili kila mwezi nilipe hiki nilipe kile, kila mwezi nasoma nikiwa kaunta na wateja, kila mwezi nachelewa. Ofisini kwake wanatumia Outlook, nami wameniwekea.

JIBU: Kaka, kitu kinachorudi kila mwezi usikisubiri kwenye imeili. PAYE, kodi ya mishahara ya wafanyakazi, mwisho ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT, kodi ya mauzo, ni tarehe 20, ritani yako ya mwaka 30 Juni. Tarehe hizo hazitegemei mhasibu amekumbuka kuandika au la. Kaa leo dakika kumi, tengeneza kazi ya kujirudia kila mwezi tarehe 5 ya PAYE na nyingine tarehe 15 ya VAT, saa moja na nusu asubuhi kabla hujafungua duka, ukiwa bado na kikombe cha kahawa mkononi na hamna mteja anayetaka breki. Juni nayo usiisubiri ifike thelathini, ile mitambo ya kodi wiki ya mwisho yote hulemewa na watu.

Kwa zile imeili za kawaida za mhasibu, Outlook ina bendera. Ukiipiga bendera imeili, na ukawa na apu ya Microsoft To Do kwa akaunti hiyo hiyo, imeili inaingia kwenye orodha ya zilizopigwa bendera, hakikisha tu orodha hiyo imewashwa kwenye mipangilio. Lakini kama nilivyomwambia ndugu yetu wa Shimanzi, bendera bila siku ni nyota tu iliyobadilishwa rangi. Ingia To Do uipe siku.

Na mwambie mhasibu kila jambo alitume kwa imeili yake. Moja ya VAT, moja ya PAYE. Imeili moja yenye kazi tano ndani inageuka kazi moja kwenye simu na nne zinakufa.

SWALI: Shikamoo mwandishi, ingawa pengine nimekuzidi umri. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Mikindani. Kalenda ya simu yangu imejaa miadi nisiyoijua, mara nimeshinda simu mpya, mara niende kuchukua mzigo. Pia nimeona safari yangu ya Nairobi imeingia kwenye kalenda na sikuiandika mimi. Ni nani anayesoma barua zangu?

JIBU: Mwalimu wangu, shikamoo iwe kwako. Na swali lako ni la msingi, nashukuru umeliuliza kwa niaba ya wengi wanaoona haya.

Ni mambo mawili mbalimbali. Safari yako ya Nairobi imeingizwa na mitambo ya Google yenyewe kutoka kwenye risiti ya tiketi, kama nilivyomweleza mama wa Bamburi. Ni mashine inayotafuta tarehe na namba za safari. Ukiwa hupendi una haki kamili ya kuizima, fungua kalenda kwenye simu, mistari mitatu juu kushoto, shuka mpaka mipangilio, utakuta pa matukio ya Gmail, zima. Tukio litaondoka, imeili yako itabaki.

Hizo za kushinda simu ni wezi. Walichofahamu ni kwamba mwaliko wa kalenda ukitumwa kwa anwani yoyote huweza kuingia wenyewe bila mwenyewe kukubali, basi wanatuma maelfu. Usibonyeze kiungo kilichomo, na usibonyeze hata "No" ya kukataa, manake kujibu ni kumjulisha mwizi kwamba anwani hii ina mtu. Ifungue, iripoti kama spamu au ifute basi. Kisha kwenye mipangilio hiyo hiyo ya kalenda kuna mahali pa kuchagua mialiko iingie namna gani, chagua iingie pale tu mtumaji anapojulikana kwako. Kama kwenye simu hupaoni mwombe mjukuu akufungulie kalenda kwenye kompyuta, huko papo wazi.

Mwalimu, na mtu akikupigia simu akasema yeye ni wa kalenda anataka kukusaidia kuzifuta, kata.

SWALI: Baba anasafishwa figo mara mbili kwa wiki, na kliniki ya moyo ni kila baada ya miezi miwili. Hospitali inaniandikia mimi tu imeili, nami niko Nairobi kazini. Ndugu zangu watatu wako Likoni, mmoja ana kabambe, simu ya vitufe isiyo na intaneti. Kila nikiona imeili naiscreenshoti naitupa kwa grupu la WhatsApp, lakini kwa grupu kuna harusi, kuna vichekesho, inazama. Juzi baba amekaa nyumbani siku ya kliniki. Nimelia.

JIBU: Dadangu, Mwenyezi Mungu amponye baba. Yako nimeiweka ya mwisho kwa sababu yalinipata.

Mwaka juzi mama alikuwa na miadi ya macho, ikabadilishwa kwa imeili kutoka Jumanne mpaka Alhamisi. Niliisoma. Naikumbuka hata nilipokuwa nimesimama, Digo Road mbele ya duka la vitambaa, mkono mmoja mfuko. Jumanne nikamtoa mama Likoni alfajiri, tukashuka ule mteremko wa ferry na watu elfu wanasukumana, yeye na fimbo yake, buibui limekanyagwa, tukafika tukaambiwa siku siyo. Mama hakuniambia neno. Alikaa kwenye benchi akasema tupumzike kidogo kabla hatujarudi. Tangu siku ile imeili yoyote yenye jina la mama naitoa tarehe nikiwa nimesimama hapo hapo, hata kama watu wanipita wakinung'unika.

Kwako fanya hivi. Screenshoti ni picha, haina kengele. Badala yake fungua kalenda, tengeneza tukio la kliniki ya moyo, kwenye maelezo bandika maneno ya imeili yenyewe, namba ya faili ya baba, jengo na ghorofa, aende hajala au amekula. Pa mahali andika jina la hospitali. Kisha waalike wale ndugu wawili wenye simu janja. Tia ukumbusho mara mbili, mmoja siku moja kabla saa kumi na mbili jioni ili watayarishe nauli na nguo, mwingine masaa matatu kabla. Ya kusafishwa figo, kwa vile ni siku zile zile kila wiki, iwe tukio moja la kujirudia, na siku hospitali ikibadilisha, sogeza hiyo siku moja tu, simu itakuuliza kama ni hii pekee au zote, chagua hii pekee. Usikosee hapo dada, ukichagua zote umehamisha wiki zote zijazo.

Wa kabambe kalenda haitamfikia. Zamani Google Calendar ilikuwa inatuma ukumbusho kwa meseji za kawaida lakini waliacha tangu 2019. Kwa hivyo mtengenezee kazi yake mwenyewe kwenye simu yako, "Mpigie kaka, baba kesho kliniki", jioni ya siku moja kabla, na akishapokea ndio unaitia tiki.

La mwisho, ndugu zako wafungue kalenda mara moja wakiwa na bando na wayaone matukio yameingia, baada ya hapo hata bando likiisha kengele italia, iko ndani ya simu. Lakini simu hizi zetu nyingi zina kile cha kubana chaji kinachozima apu zilizolala, na kengele inazimwa nayo. Waingie kwenye mipangilio ya betri waitoe kalenda na Tasks kwenye kubanwa. Wajaribu leo usiku, tukio la uongo la dakika kumi zijazo, simu ikiwa imelala mezani. Isipolia, usimwachie baba.